Leseni ya Lori Marekani: Anayepimwa ni Dereva Peke Yake

Katika mwaka wa 2025 Serikali ya Marekani ilitoa amri mbili juu ya madereva wa malori, nazo zimezungumzwa sana hata huku kwetu, kwa kuwa wako vijana wa Kenya, wa Tanzania, wa Somalia na wa Kongo waliohamia nchi ile na kuushika usukani kuwa ndiyo riziki yao. Amri ya kwanza, iliyotiwa sahihi na Rais Trump mwezi wa Aprili, ilihusu lugha. Kuanzia tarehe 25 Juni dereva aliyeshindwa kusoma alama za barabara na kujibu maswali ya mkaguzi kwa Kiingereza alikuwa wa kusimamishwa papo hapo, na lori lake kungoja mtu mwingine. Amri ya pili, ya mwezi wa Septemba, ilikuwa kanuni ya dharura iliyowafungia leseni ya lori wageni wengi wenye vibali halali vya kufanya kazi, wakiwemo waombao hifadhi. Serikali yenyewe ilikadiria kwamba wenye leseni za namna hiyo ni kama 200,000.

Waliozitetea amri hizo walisema ni kwa ajili ya usalama wa barabarani. Waliozipinga walisema ni uadui kwa wageni. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimeianza hadithi hii katikati. Leseni ya lori nchini Marekani ina historia ya zaidi ya miaka 120, na mfanyakazi akiifuata tangu mwanzo atagundua jambo ambalo halisemwi na upande wo wote: kila mara masharti yalipobadilishwa, aliyezidishiwa mtihani alikuwa ni dereva, na tajiri anayempangia dereva huyo saa zake na ujira wake akaguswa kidogo sana au asiguswe kabisa.

Kabla ya motokaa, mizigo ya miji ya Marekani ilichukuliwa na magari ya kukokotwa na farasi. Chama cha Teamsters, ambacho jina lake latokana na kazi hiyo ya kuendesha farasi waliofungwa pamoja, kiliundwa mwaka 1903, na mwaka ule ule majimbo ya Massachusetts na Missouri yakawa ya kwanza kumtaka mwendesha motokaa awe na leseni. Leseni zile hazikuwa na mtihani. Mtu alilipa ada, akapewa karatasi yake, akaenda zake. Missouri iliendelea hivyo hivyo hadi mwaka 1952, na South Dakota haikuwa na leseni ya namna yo yote hadi 1954.

Mtihani wenyewe ulipoanza Massachusetts mwaka 1907, haukuwekwa kwa watu wote. Uliwekwa kwa dereva wa kuajiriwa. Mwenye motokaa yake aliachwa aendeshe kwa kadiri ya akili aliyojaliwa, na hakutakiwa kupimwa hadi 1920. New York nayo, ilipotunga sheria yake ya 1910, ilimtaka leseni dereva wa mshahara tu. Malalamiko makubwa ya siku zile, ukisoma mambo ya wakati ule, yalikuwa kwamba dereva huichukua motokaa ya bwana wake usiku bila ruhusa na kutembea nayo. Hivyo leseni ya dereva wa kazi ilizaliwa kuwa kitambulisho cha mtumishi, na dalili za kuzaliwa kwake hazijafutika.

Malori yalipoanza kushindana na reli, Serikali Kuu ya Washington iliingia. Sheria ya Uchukuzi wa Magari ya mwaka 1935 iliipa Tume ya Biashara kati ya Majimbo uwezo wa kuweka sifa za madereva wanaovuka mipaka ya majimbo, pamoja na kikomo cha saa zao za kazi. Kanuni zilizotoka katika miaka ile ya 1930 zilitaja macho, masikio, afya na ujuzi, zikataja pia kwamba dereva awe aweza kusoma na kusema Kiingereza. Maneno yale ndiyo yaliyochimbuliwa tena mwaka 2025. Si amri mpya hata kidogo; imekuwamo vitabuni karibu miaka 90, mara ikikazwa, mara ikilegezwa. Mwaka 2016 wakaguzi walikuwa wameagizwa wasimsimamishe dereva barabarani kwa kosa hilo peke yake.

Juu ya saa, kikomo kilichoshika mizizi kilikuwa saa 10 za kuendesha, na saa 60 za kazi katika siku 7. Hapa yafaa msomaji asimame kidogo, kwa kuwa jambo lililotendeka mwaka 1938 ndilo ufunguo wa mengi yaliyofuata. Mwaka huo Bunge la Marekani, yaani Kongresi, lilipitisha sheria ya viwango vya kazi ambayo kwa mara ya kwanza iliwapa wafanyakazi wengi wa nchi ile haki ya kulipwa mara moja na nusu kwa kila saa iliyozidi kiwango cha juma. Lakini ibara moja ya sheria hiyo iliwatoa katika haki hiyo wafanyakazi wote ambao saa zao zaweza kuwekewa kikomo na Tume. Maana yake ni kwamba dereva wa lori, kwa sababu kazi yake ni ya hatari hata ikabidi serikali imwekee mpaka wa saa, alinyimwa malipo ya saa za ziada ambayo mwenzake wa kiwandani aliyapata. Mwaka 1940 kesi ilifika katika Mahakama ya Juu kabisa ya nchi, juu ya wafanyakazi gani hasa wanaingia katika ibara hiyo. Mahakama ilisema uwezo wa Tume ni kwa wale tu ambao kazi yao yagusa usalama wa safari, basi makarani na wengineo wakabaki na haki yao ya saa za ziada. Dereva akabaki nje. Ibara hiyo haijaondolewa.

Kwa muda wa miaka mingi upungufu huo ulizibwa na nguvu ya chama. Tangu mgomo mkubwa wa Minneapolis wa 1934, ambao polisi walipiga watu risasi tarehe 20 Julai na wawili wakafa, Teamsters walikua hata mwezi wa Januari 1964, chini ya Jimmy Hoffa, wakapata mkataba mmoja wa nchi nzima uliowagusa madereva zaidi ya 400,000. Hoffa alikuwa mtu wa mambo mengi, na mengine yalimpeleka gerezani. Hayo si habari yetu ya leo. Lakini dereva wa lori la masafa marefu wakati ule alikuwa mmoja wa wafanyakazi waliolipwa vizuri, na tajiri aliyemlipa vizuri alikuwa na sababu ya kumchagua kwa uangalifu.

Kumchagua, ndiyo, lakini kumchagua nani? Hapa chama chenyewe hakina uso wa kujivunia. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu iliamua kesi iliyoletwa na serikali dhidi ya kampuni moja ya uchukuzi na chama cha Teamsters pamoja. Hesabu zilizowekwa mbele ya mahakama zilikuwa hizi: kampuni ile ilikuwa na madereva wa safari ndefu 1,828, kati yao watu weusi walikuwa 8, na wenye majina ya Kihispania 5, nao wale 8 waliajiriwa baada ya kesi kuanza. Mtu mweusi aliendesha lori mjini, akashusha mizigo, akafagia ghala. Leseni yake ilimruhusu njia kuu kama ya mwenzake mweupe. Aliyemkatalia alikuwa tajiri, na taratibu za cheo cha miaka kazini, zilizotiwa sahihi na chama, zilimwambia kwamba akihamia safari ndefu aanze upya chini kabisa. Mahakama iliona kwamba kampuni ilibagua, ila taratibu zile za chama ikaziacha zisimame. Msomaji wetu ambaye ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, na alitafakari hilo.

Turudi kwenye masharti. Kazi ya usalama iliondolewa katika Tume mwaka 1967 na kupewa Wizara mpya ya Uchukuzi, na kanuni mpya za sifa za dereva zikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1971. Dereva wa kuvuka majimbo awe na umri wa miaka 21, awe na cheti cha daktari, afanye mtihani wa barabarani na wa maandishi. Yasikika vizuri. Lakini mtihani wa barabarani ulikuwa ukitolewa na mwenye lori mwenyewe, yaani yule anayemhitaji dereva kesho asubuhi ndiye aliyekuwa mwamuzi kama anafaa. Na mtihani wa maandishi ulikuwa wa kufundishia tu, mtu hakulazimika kuushinda ili apewe kazi. Majimbo nayo yalikuwa na mambo yao. Katika majimbo kadhaa leseni ya kawaida ya motokaa ilitosha kisheria kumpandisha mtu katika lori lenye tela, au basi lenye abiria. Na hata katika majimbo yaliyokuwa na madaraja ya leseni, mengi hayakumpima mtu kwa gari la aina atakayoendesha.

Basi kukazuka hila moja iliyojulikana na kila dereva. Kwa kuwa kila jimbo lilikuwa na daftari lake na halikusoma daftari la jirani, mtu alichukua leseni hapa, na nyingine pale, na ya tatu kwingineko. Akikamatwa kwa mwendo wa kasi alitoa ile isiyo na doa. Akifungiwa jimbo moja aliendelea kuendesha kwa karatasi ya jimbo jingine. Hatuwezi kumtetea mtu huyo. Lakini tukumbuke aliishi katika wakati gani: tarehe 1 Julai 1980 Rais Carter alitia sahihi sheria iliyofungua biashara ya malori kwa karibu kila mwenye kutaka, nauli za mizigo zikashuka, makampuni mapya yasiyo na chama yakachipua, na yale ya zamani yenye mikataba yakaanza kufa moja baada ya jingine. Mchumi Michael Belzer, aliyekuwa mwenyewe dereva wa lori kabla ya kuwa mwalimu wa chuo kikuu, aliandika kitabu juu ya mambo hayo mwaka 2000, akaonyesha jinsi ujira wa madereva ulivyoporomoka. Dereva anayelipwa kwa maili, akifungiwa leseni, hana mshahara wa kumngoja nyumbani.

Sheria iliyobadili mambo ilikuja tarehe 27 Oktoba 1986, chini ya Rais Reagan, ikiwa imeambatanishwa ndani ya sheria kubwa ya kupiga vita madawa ya kulevya. Kwa haki yake twaisifu. Iliamuru kwamba dereva wa gari la biashara awe na leseni moja tu, kutoka jimbo moja tu, kuanzia tarehe 1 Julai 1987. Iliamuru kuwe na daftari moja la nchi nzima, majimbo yote yaulizane kabla ya kumpa mtu karatasi, na akihama jimbo airudishe ile ya zamani. Iliweka viwango vya mtihani vya nchi nzima, na kila dereva awe amevifikia ifikapo tarehe 1 Aprili 1992. Jimbo ambalo halikufuata lilitishiwa kukatwa asilimia 5 ya fedha zake za barabara kutoka Washington, na baadaye asilimia 10. Na kama ilivyo desturi ya serikali zote duniani, fedha zilisikika mahali ambapo maneno hayakusikika.

Madaraja yaliwekwa matatu. Daraja A ni la gari lenye tela ambalo uzito wake wote wazidi ratili 26,000, kama kilo 11,800, na tela lenyewe lazidi ratili 10,000. Daraja B ni la gari moja la uzito huo bila tela kubwa. Daraja C ni la magari madogo zaidi yachukuayo watu 16 au zaidi pamoja na dereva, au mizigo ya hatari. Juu ya madaraja hayo huongezwa idhini: ya matela mawili au matatu, ya tangi, ya abiria, ya vitu vya hatari, na baadaye ya basi la shule. Dereva hujibu maswali ya maandishi na hana budi kupata asilimia 80. Kisha hulikagua lori mbele ya mtahini, akitaja kila kitu kwa jina na kueleza atakitazamaje, hulirudisha nyuma baina ya alama, halafu huliingiza barabarani. Asiyejua breki za upepo hazipewi leseni yake. Aliyefanya mtihani kwa gari la gia za kujibadili lenyewe haruhusiwi kuendesha la gia za mkono. Mtu ye yote aliyewahi kukaa mbele ya lori la tani 30 katika mteremko ataona kwamba hayo ni masharti ya busara.

Adhabu nazo zilikuwa kali. Kiwango cha pombe katika damu kiliwekwa 0.04, wakati majimbo mengi yalimvumilia mwenye motokaa ya kawaida hadi 0.10. Kosa kubwa la kwanza ni kufungiwa mwaka mmoja, au miaka 3 ikiwa alichukua mizigo ya hatari. La pili ni maisha. Anayelitumia lori katika biashara ya madawa ya kulevya hufungiwa maisha mara ya kwanza. Mwaka 1999 Bunge liliongeza kwamba makosa makubwa ya dereva akiwa katika motokaa yake mwenyewe, siku yake ya mapumziko, yahesabiwe pia juu ya leseni yake ya kazi.

Na tajiri? Sheria ilimkataza kumtumia dereva aliyefungiwa leseni, kwa kujua. Maneno hayo mawili, kwa kujua, yana nafasi ya kutosha kupitisha malori mengi. Wakulima walipata msamaha wao kwa safari za karibu na mashamba yao, na wazima moto na wanajeshi wao pia, na hayo hatuyalaumu.

Lakini hata mtihani mzuri wategemea mkono wa anayeutoa. Tarehe 8 Novemba 1994, karibu na Milwaukee, kipande cha chuma kilianguka kutoka katika lori. Gari la familia moja lililokuwa nyuma likakigonga, tangi lake la mafuta likatoboka, likawaka, na watoto 6 wa baba na mama mmoja wakafa. Madereva wengine walikuwa wamejaribu kumwonya mwenye lori kwa redio kwamba kitu chake kinaning'inia, wala hakuelewa, kwa kuwa hakujua Kiingereza. Uchunguzi ulionyesha kwamba leseni yake ilinunuliwa kwa rushwa katika ofisi ya jimbo la Illinois. Na rushwa ile haikuishia mfukoni mwa karani. Watumishi wa ofisi za leseni walikuwa wakishurutishwa kuuza tikiti za kuchangia kampeni ya mkubwa wao, George Ryan, aliyekuwa Katibu wa Jimbo. Asiyeweza kuziuza kwa haki aliuza leseni ili apate fedha za tikiti. Ryan akawa Gavana mwaka 1999. Watu zaidi ya 70 walitiwa hatiani katika mlolongo wa kesi zile, na mwezi wa Aprili 2006 Ryan mwenyewe akatiwa hatiani, akahukumiwa kifungo cha miaka 6 na nusu.

Kwa ajali ile hatuwezi kusema, kama wasemavyo wengine, kwamba lugha haina maana yo yote barabarani. Ina maana. Lakini tazama mlango ulikovunjwa. Mtu yule alipita katika mtihani kwa sababu mwanasiasa alihitaji fedha, si kwa sababu masharti yalikuwa mepesi.

Hatua iliyofuata iliingia mwilini. Usiku wa tarehe 28 Agosti 1991 gari moshi la chini ya ardhi lilipinduka New York karibu na Union Square, watu 5 wakafa, na mwendeshaji akaonekana alikuwa amelewa. Kabla ya mwaka kwisha Kongresi ilipitisha sheria ya kuwapima wafanyakazi wa uchukuzi pombe na madawa ya kulevya: kabla ya kuajiriwa, baada ya ajali, na kwa kushtukizwa. Kwa malori makampuni makubwa yalianza mwaka 1995, madogo 1996. Tangu tarehe 6 Januari 2020 matokeo mabaya huingizwa katika daftari la nchi nzima ambalo tajiri hana budi kulitazama kabla ya kuajiri. Baada ya mashambulizi ya 2001, mwenye kutaka idhini ya mizigo ya hatari alitakiwa kutoa alama za vidole na kuchunguzwa historia yake. Madaktari wanaowapima madereva waliandikishwa katika orodha maalum mwaka 2014. Hesabu basi: macho yake, masikio yake, damu yake, mkojo wake, vidole vyake, ulimi wake, na safari zake za Jumapili.

Lakini kuna jambo moja ambalo lingeonekana kuwa la kwanza, nalo likawa la mwisho. Mafunzo. Sheria ya 1986 ilidai mtihani, haikudai kwamba mtu awe amefundishwa. Ni kama kumtaka fundi seremala aonyeshe meza bila kuuliza kama aliwahi kushikishwa randa na mtu. Serikali ilikuwa na mtaala wake wa mfano tangu mwaka 1985, wa saa 320 za darasani na kwenye usukani. Mwaka 1991 Kongresi iliiamuru Wizara ishughulikie mafunzo ya lazima kwa madereva wapya. Mwaka 1995 Wizara ililetewa taarifa kwamba mafunzo yatolewayo na makampuni hayatoshi. Kisha ikakaa kimya. Kanuni ilipotoka, mwaka 2004, ilikuwa ya kushangaza: mambo manne, yote ya darasani, ambayo yangeweza kumalizwa kwa saa kama 10: sifa za dereva, saa za kazi, afya yake, na haki yake ya kutoa taarifa za maovu. Juu ya kuendesha lori, hakuna neno. Watetezi wa usalama walikwenda mahakamani, na mwaka 2005 mahakama ya rufani ya Washington ikaikataa kanuni hiyo kwa kuwa Wizara ilikuwa imeipuuza taarifa yake yenyewe.

Kongresi ikaamuru tena, mwaka 2012. Mapendekezo ya mwezi wa Machi 2016 yalitaka angalau saa 30 nyuma ya usukani kwa Daraja A. Kanuni yenyewe ilipotiwa sahihi Desemba mwaka huo huo, zile saa 30 zilikuwa zimeondolewa. Mwalimu anaposema mwanafunzi ameweza, ameweza. Ilikuwa ianze 2020, ikaahirishwa, ikaanza tarehe 7 Februari 2022. Tangu 1991 hadi 2022 ni miaka 31. Kupima pombe kulichukua chini ya miaka minne kutoka sheria hadi utekelezaji. Mwenye macho na aulize kwa nini, na jibu haliko mbali: kipimo cha pombe humgharimu tajiri fedha kidogo, lakini saa 320 za mafunzo ni majuma 8 ya lori ambalo halibebi mzigo wa mtu.

Gharama hiyo haikupotea. Ilihamishwa. Kijana anayetaka leseni ya Daraja A hulipa shuleni maelfu ya dola, au hukubali kufundishwa na kampuni kwa mkataba wa kuitumikia mwaka mzima au zaidi, na akiondoka mapema hudaiwa ada yote. Naye huondoka, wengi wao. Katika makampuni makubwa ya mizigo ya masafa, idadi ya madereva wanaoacha kazi kila mwaka imekuwa kwa miaka mingi karibu asilimia 90 ya idadi ya wote waliomo, au zaidi. Kisha makampuni hayo hayo hulia kwamba hakuna madereva, huomba umri ushushwe, na kweli mwaka 2021 sheria ya barabara na madaraja ilianzisha jaribio la vijana wa miaka 18 hadi 20 kuvuka majimbo.

Tatizo si uhaba wa leseni. Dereva wa masafa hulipwa kwa maili. Akikaa saa nne ghalani akingoja kupakiwa, saa hizo mara nyingi hazina malipo, au zina malipo ya kudhihaki. Akitoka hapo, hukimbiza maili alizozikosa. Kikomo cha saa za kuendesha kilipandishwa kutoka 10 hadi 11 mwaka 2004, ingawa mapumziko nayo yaliongezwa kutoka saa 8 hadi 10. Tangu Desemba 2017 mashine iliyofungwa katika injini huandika saa zake, hata hila ya zamani ya madaftari mawili imekwisha. Lakini mashine huhesabu dakika za dereva. Haihesabu dakika ambazo mwenye ghala amemwibia.

Iwapo mtu atasema haya ni maneno ya wafanyakazi tu, tutamwonyesha tajiri mmoja. Mwaka 1997 kampuni ya J.B. Hunt, iliyo miongoni mwa kubwa kabisa, iliwaongeza madereva wake ujira kwa zaidi ya theluthi moja, na badala ya kuchukua wanagenzi ikaajiri wenye uzoefu. Belzer na wenzake walipozichunguza hesabu za kampuni hiyo, waliona kwamba wanaoacha kazi walipungua sana, na ajali nazo zikapungua. Hakuna sheria iliyobadilika mwaka ule. Leseni ilikuwa ile ile.

Katika ajali za malori makubwa Marekani walikufa zaidi ya watu 5,000 mwaka 2021, na zaidi ya 5,000 tena mwaka 2022, wengi wao wakiwa ndani ya magari madogo. Mbele ya makaburi hayo hakuna mwenye haki ya kusema masharti ni mengi mno. Twasema yamewekwa upande mmoja.

Ndiyo maana amri za 2025 hazikutushangaza. Tarehe 12 Agosti mwaka huo lori liligeuka pasipo ruhusa katika barabara kuu ya Florida na watu 3 wakauawa; dereva alikuwa mhamiaji; na kabla ya majuma saba kupita, kanuni ya dharura juu ya wageni ilikuwa imetoka. Majuma saba, ndugu msomaji, kwa jambo hili, na miaka 31 kwa mafunzo. Mwezi wa Novemba mahakama ya rufani ya Washington iliisimamisha kwa muda, ikiona kwamba serikali haikueleza ya kutosha jinsi itakavyoongeza usalama. Kijana wa kwetu aliyeko huko na ajifunze Kiingereza cha barabarani, maana ni sharti la kazi yake na ni ulinzi wake pia. Lakini asidanganywe kwamba pasipoti yake ndiyo iliyokuwa ugonjwa wa biashara hii.

Kuhusu ile ibara ya 1938 ya saa za ziada, Wizara ya Uchukuzi yenyewe ilishauri mwaka 2022 kwamba Kongresi iifute. Muswada wa kuifuta uliletwa mwaka huo, ukaletwa tena 2023, na mara zote mbili kikao kilimalizika bila ya kuupitisha.